Karatasi Tano za Rufaa

Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia za uchaguzi zikiwa ndiyo kwanza zimetulia, nilipata kibarua cha kutathmini jinsi huduma za afya za vijana zilivyounganishwa huko Naivasha. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, pamoja na diploma ambayo haikuwa imenilisha hata siku moja. Kazi mbi si mchezo mwema, nikajiambia, nikavaa fulana ya mradi iliyonifika karibu na magoti.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ndefu ya mabati, na ukutani waliandika kwa rangi ya bluu: huduma zote chini ya paa moja. Paa kweli lilikuwa moja. Chini yake kulikuwa na vyumba vitano vilivyofadhiliwa na miradi mitano, kila kimoja na kabati lake, kufuli lake na daftari lake, na wahudumu walionuniana kama wake wenza. Ukumbini waliweka meza ya pool, kwa sababu wafadhili waliamini kijana hawezi kueleza ugonjwa wake kabla hajacheza pool.

Bosi wetu, jamaa wa Nairobi aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi isiyo na kitu, ndiye aliyetufundisha kipimo. Mhudumu akimtuma kijana chumba kingine, humwandikia karatasi ya rufaa. Karatasi moja, alama moja. Kumtuma nje ya kituo kulipunguza alama. Kijana aliyehudumiwa na muuguzi mmoja, akapona, akaenda zake, alipata sufuri. Nilicheka nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka, nami nikaufyata, maana kazi niliihitaji.

Alhamisi moja asubuhi akaja msichana wa miaka kama kumi na tisa, mchuma maua katika shamba moja kando ya ziwa. Familia yake ilikuwa imefukuzwa na ghasia mtaani Kihoto, wakawa wanaishi katika kambi ya waliohamishwa. Nilikaa karibu na dirisha la usajili, ndicho chumba cha kwanza, kwa hiyo nilisikia kila alichosema, ingawa alisema kwa sauti ndogo. Jumatatu jioni, akitoka kuchota maji, wanaume wawili walimbaka. Kambini alikuwa ameambiwa kuna dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi, na kwamba lazima ianzwe kabla siku tatu hazijaisha. Siku zake tatu zilikuwa zinaisha jioni hiyo.

"Pole, mami," karani akamwambia bila kuinua kichwa, akimwandikia karatasi ya kwanza. "Enda room two."

Chumba cha pili kilikuwa cha ushauri nasaha. Alitoka na karatasi ya pili na kipeperushi cha kuwahimiza vijana wachill, yaani wasiguse ngono, mpaka ndoa. Msichana aliyebakwa! Cha tatu walimpima damu, wakamwambia yuko sawa, apeleke majibu cha nne. Cha nne muuguzi alimuuliza kama ameolewa, akaenda kunywa chai, akarudi saa nane. Hatimaye chumba cha tano, na humo dawa ilikuwemo, ndani ya kabati. Ufunguo alikuwa nao daktari, na daktari alikuwa Nakuru kwenye semina. Semina ya kuunganisha huduma. Sitanii. Wakamwandikia karatasi ya tano, imrudishe usajili.

Hospitali kubwa ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Hakuna aliyemtajia, kwa sababu hiyo ingekuwa rufaa ya nje.

Alinijia mimi, labda kwa kuwa nilikuwa kijana kama yeye. "Madam, hii nayo napeleka wapi? Kama dawa hakuna si mniambie tu."

Nilifungua mdomo. Nyuma yangu bosi akaninong'oneza, "Usimwelekeze, utaharibu data."

"Ngoja kidogo, siz," nikamwambia.

Akangoja. Alikaa kwenye benchi karibu na meza ya pool, karatasi zimepangwa vizuri mapajani, akinitazama kila nilipoinuka. Saa kumi na moja walifunga. Karani akamwambia arudi kesho, naye akasema asante, akaondoka.

Bosi alizipiga picha nakala za karatasi zake kwa furaha ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Tano! Hakuna mteja mwingine aliyekuwa ameunganishwa vizuri namna hiyo. Nilimchukia mtu yule, na bado namchukia, lakini yeye angalau hakuwa ameombwa chochote na yule msichana.

Baada ya wiki mbili tulijaza ukurasa wa mwisho wa fomu. Swali lilikuwa: je, mteja amerudi na malalamiko? Maelekezo yalisema asiyerudi aandikwe ameridhika. Nilipekua madaftari ya vyumba vyote vitano, kurasa baada ya kurasa, nikitafuta jina lake katika siku zilizofuata Alhamisi ile. Halikuwemo. Nikaandika ameridhika, kwa mwandiko mzuri, nikatia sahihi.