Gari Lililongojea Baraka

Nimeishi miaka mingi kuliko nilivyoomba, na Mungu amenitendea mema nisiyoweza kuyamaliza kuyataja. Ameniachia macho, meno machache na kumbukumbu. Kwa hiyo mtu asinilaumu nikilikumbuka gari la kanisa letu. Wote waliohusika nimewasamehe, na wengi wao nimewazika kwa mikono yangu. Lakini kuwasamehe ni jambo moja, na kusema kwamba walitumia akili ni jambo jingine, na mimi nilifundishwa tangu utoto nisitoe ushahidi wa uongo.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, upande wa Kanyakine. Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni na pia karani wa baraza la wazee wa kanisa. Siku hizo mtu hakwenda mbali bila pasi. Wagonjwa wetu tuliwabeba kwa machela, wanaume wanne wakipokezana, na penye kizuizi cha homgadi, wale askari wa kijiji waliowekwa na serikali, machela iliwekwa chini, blanketi likafunuliwa, ili wahakikishe kwamba mgonjwa anaumwa kweli. Wapo walioanza safari wakiweza kujibu maswali, wakafika hospitali hawawezi tena. Ndiyo sababu baraza liliamua kununua gari. Wakulima wa kahawa walichanga, akina mama wakauza mayai na kuku, na baada ya misimu miwili tukapata bei ya pikapu iliyotumika kidogo, katika gereji moja mjini Embu.

Mwenye gereji alikuwa Mzungu aliyevaa kaptula iliyonyooshwa vizuri kuliko kanzu za wachungaji wetu. Alitupa karatasi ya dhamana. Ilisema kwamba kwa muda wa miezi sita tangu siku ya kununua, injini ikiharibika, ataitengeneza bila malipo. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimesoma, mimi ndiye niliyetia sahihi. Mwenyekiti wa baraza, mzee mwenye sauti ya kuhubiri hata akiomba chumvi, alitaka jambo hilo liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu: kwamba aliyetia sahihi ndiye atakayejibu. Niliandika mwenyewe, kwa hati nzuri.

Nyumbani kwangu kulikuwa na mabati ishirini na manne, yamepangwa nyuma ya nyumba na kufunikwa kwa majani ya migomba. Mke wangu alikuwa ameyangoja kwa misimu mitatu ya mvua. Mavuno yetu yote ya kahawa yalikuwa pale, na yeye alikuwa ameyachuma zaidi yangu. Kilichobaki ni misumari na fundi.

Dereva wetu alikuwa askari wa zamani aliyeendesha malori ya jeshi huko Burma. Alilileta gari kutoka Embu kwa siku moja bila kulisimamisha ila kwenye vizuizi. Akina mama walilipokea kwa vigelegele kama wanaopokea mtoto mchanga. Dereva akauliza ni mgonjwa gani wa kwanza, kwa maana kulikuwa na mzee mmoja wa bondeni mwenye jipu. Mwenyekiti akainua mkono.

"Hakuna mgonjwa," alisema. "Kikombe cha Meza ya Bwana tulikitumia kabla hakijawekwa wakfu?"

"Hatukukitumia, mzee," tulijibu.

"Basi. Hili ni la Mungu. Litatumika mmisionari akija kuliombea."

Mmisionari alikaa mbali, na aliandika kwamba angekuja mwezi uliofuata. Mwezi uliofuata barabara ilifungwa. Mwezi wa tatu hakupata askari wa kumsindikiza. Kila barua yake ilisema tuwe na subira, nasi kwa subira tulikuwa mabingwa. Tulilijengea gari kibanda, tukalifunika kwa shuka, na wazee wakawa wanakwenda kulitazama baada ya ibada kama Waisraeli mbele ya sanduku la agano.

Kila Jumamosi lilioshwa. Akina mama walipanda kutoka mtoni na maji mgongoni, wakalisugua kwa sabuni mpaka rangi ikaanza kukonda. Siku moja mwenyekiti aliagiza kifuniko cha injini kifunguliwe, akachungulia, akaona mafuta na vumbi.

"Ndani pia," alisema. "Mungu hatazami nje peke yake."

"Mzee," dereva alisema, "injini haiogi."

"Hayo yalikuwa ya Burma. Hapa ni nyumbani kwa Bwana."

"Basi niliwashe kidogo likauke. Niende nalo mpaka Kinoru na kurudi."

"Kuliwasha ni kulitumia."

Dereva alinitazama, mimi nikatazama miguu yangu. Wakamimina madebe mawili juu ya injini, na jingine moja kwa ajili ya pembe zilizosahauliwa. Ilifanyika hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, na ukungu wa milima yetu ukamalizia kazi.

Mara mbili nilisimama barazani nikasema kwamba siku za karatasi zinakwenda hata gari likiwa limelala. Mara ya kwanza hawakunisikia. Mara ya pili mwenyekiti alicheka kwa upole, kama anavyochekwa mtoto aliyeuliza Mungu anakula nini.

"Mwalimu, gari lisilotembea linazeekaje?"

Wazee wote walicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao. Sauti yangu ilitosha darasa la watoto arobaini. Mbele ya wazee tisa ilikauka.

Wakati huo wagonjwa hawakungoja barua za mmisionari. Tulipita mbele ya kibanda tukiwa na machela mabegani. Mama mmoja mtu mzima, tumbo limemvimba, aligeuza kichwa akaliona gari chini ya shuka yake safi, akatuuliza kama nalo linaumwa. Tuliongeza mwendo.

Hatimaye mmisionari alifika, na askari wawili wenye bunduki nyuma yake. Alisoma sala ndefu, akalinyunyizia gari maneno mazuri kila gurudumu, kwaya ikaimba. Dereva akaingia akaliwasha. Lilikohoa. Lilikohoa tena, kisha ukasikika mlio kama sufuria zinazoanguka ngazi moja baada ya nyingine, moshi ukatoka, halafu kimya.

"Liombewe tena," mwenyekiti alisema.

Mmisionari aliliombea tena, safari hii kwa ufupi, jicho moja kwenye saa yake, kwa sababu askari walitaka kurudi kabla ya kafyu. Gari halikujibu. Nilikimbia nyumbani kutazama karatasi. Miezi sita ilikuwa imeisha siku nane kabla ya sala.

Pasi za kwenda Embu zilituchukua siku kumi na moja zaidi. Karani wa ofisi ya Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, alitaka kujua kwa nini watu watatu wanasindikiza gari moja bovu, na kila tulipomweleza alituambia turudi kesho, kana kwamba kesho angekuwa na masikio mengine. Mwishowe lori la mbao lilituvuta kwa mnyororo: dereva kwenye usukani, mwenyekiti kando yake katika koti la ibada, na mimi nyuma, nimeikumbatia karatasi.

Mwenye gereji alisoma kile alichokiandika mwenyewe kana kwamba ni habari mpya. Akatazama kalenda ukutani.

"Mmechelewa siku kumi na tisa," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata.

Alifungua injini, akaingiza kidole, kikatoka chekundu kwa kutu. Akatazama saa ya maili. Zilikuwa zile tu za kutoka kwake mpaka kwetu.

"Gari hili mlikuwa mnaliweka ndani ya mto?"

"Limekufa kwa usafi, bwana," dereva alisema.

Nilijaribu kumtetea Mungu na fedha zake. Nikasema, "Bwana, dhamana ni ya kazi, na gari hili halijafanya kazi hata siku moja. Ukilitazama kwa haki, miezi yake sita haijaanza."

"Dhamana ni ya miezi, mwalimu. Mwezi haukuulizi ulikuwa unafanya nini."

Alijua hali ya nchi. Alijua kwamba mtu wa kwetu hakuweza kufika Embu kwa siku aliyoipenda, na angeweza kutupunguzia hata siku zile za kungoja pasi. Nilimwambia hivyo. Alifuta kidole chake kwa kitambaa, polepole, akataja bei. Ilikuwa sawa na mshahara wangu wa miezi mitatu. Kisha alitukaribisha chai, na nadhani alijiona mkarimu.

Mwenyekiti hakuinywa. Alikuwa amekwisha kunigeukia.

"Mwalimu, kitabu kinasemaje?"

"Kitabu kipi, mzee?"

"Cha baraza. Aliyetia sahihi."

"Na aliyemwagia injini maji, kitabu kinamsemaje?"

"Hilo halikuandikwa," alisema, na ni kweli, sikuwa nimeliandika. "Tunajua una mabati. Mungu ataona."

Dereva alitoka nje akacheka huko mpaka akaketi chini. Mimi sikuweza kucheka. Niliona wazi kwamba nikikataa, gari litabaki Embu likiozea uani kwa Mzungu, na machela itaendelea kupanda na kushuka. Sikukubali kwa sababu ya kitabu. Nilikubali kwa sababu ya yule mama mwenye tumbo, aliyekuwa amekwisha kuzikwa.

Mke wangu nilimweleza akiwa anapepeta maharagwe. Hakuacha kupepeta.

"Mwenyekiti ana nyumba ya nini?" aliuliza.

"Ya mabati."

"Nilitaka tu kusikia ukisema."

Mabati aliyanunua mwenye duka mmoja wa Meru mjini, Mwislamu mpole ambaye hakunipunja. Gari likatengenezwa. Namshukuru Mungu kwamba lilifanya kazi miaka mingi, na wako watu wazima leo waliozaliwa ndani yake, kati ya kizuizi kimoja na kingine. Katika kitabu cha kumbukumbu baraza liliandika kwamba gari lilipona kwa maombi. Mwandishi, bila shaka, nilikuwa mimi.

Mvua kubwa zilipoanza, nyumba yetu ilivuja kila mahali isipokuwa juu ya mbuzi. Habari ikafika barazani, na asubuhi moja wazee wakaja kututengenezea paa la nyasi. Akina mama walikuwa wametangulia na mizigo ya nyasi mgongoni, kama desturi, kwa maana kwetu mwanamume huezeka lakini hachukui nyasi. Mwenyekiti alivua kofia akaomba kwa muda mrefu. Alimshukuru Mungu aliyemjalia mtumishi wake, mwalimu, moyo wa kutoa kwa furaha. Nilisema Amina. Nimezoea.

Mke wangu hakusema Amina. Alingoja mpaka mwenyekiti akavaa kofia yake, ndipo yeye akanyanyua mzigo mkubwa kuliko yote, uliolowa maji, akampachika mzee mgongoni mbele ya watu wote, kamba akaiweka mwenyewe sawasawa kwenye paji la uso wa mzee.

"Huko nyuma ndiko kunakovuja zaidi, baba," alimwambia kwa heshima. "Ngazi iko kushoto."

Naye akaenda.