Nyar Uyoma na Mbuzi wa Kisiwani

Harufu ya beberu haina adabu. Mwaka jana nilikuwa sokoni Rongo nikichagua mboga, akapitishwa beberu mmoja amefungwa kamba shingoni, na harufu ikanifikia kabla sijamwona mwenyewe. Muuza mboga akaziba pua. Mimi nilivuta pumzi hadi mwisho, akanitazama kama mtu asiye na akili timamu. Sikumweleza, lakini nyinyi nitawaeleza: harufu hiyo iliwahi kunifanya nimshuku mama yangu mzazi.

Kwetu ni Karungu, kando ya ziwa. Miaka ile ya kuelekea Uhuru mvua zilinyesha hata wazee wakaishiwa na maneno. Ziwa likapanda, likameza mashamba ya chini, na kilima chetu cha malisho kikazungukwa na maji, kikabaki kisiwa. Mbuzi wetu walikuwa huko juu. Baba Mkubwa, kaka yake baba, akaamua wabaki hukohuko, maana kisiwani hakukuwa na fisi, wala mahindi ya jirani ya kuleta ugomvi. Baba alikuwa akichuma majani chai Kericho na alirudi Krismasi tu, kwa hiyo mambo ya boma yaliamuliwa na Baba Mkubwa.

Beberu alikuwa mmoja, mweusi, ndevu mpaka kifuani. Tulimwita Bwana Disii, kama mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni, kwa jinsi alivyotembea akiwakagua wenzake. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mbuzi walizaa mapacha, maziwa yalikuwepo, na Baba Mkubwa alisimama ufukweni jioni, mikono nyuma, akitazama mali yake. "Pale hakuna damu ya mtu mwingine," alisema. "Ni wetu watupu."

Halafu, Uhuru ukiwa tayari umezoeleka, watoto wa mbuzi wakaanza kuzaliwa vibaya. Mmoja taya lilipinda, hakuweza kunyonya. Mwingine miguu ilikuwa legevu kama mlenda. Wengi walikufa, na majike wengine hawakushika mimba kabisa.

Jumapili sisi tulikuwa Wakristo. Lakini mbuzi akifa Jumatatu, ilikuwa lazima apatikane aliyemuua. Kwanza walishukiwa wavuvi waliotega nyavu karibu na kisiwa. Kisha akashukiwa jirani aliyewahi kuwasifu mbuzi wetu kupita kiasi. Mwisho shuku ikaingia nyumbani. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Baba Mkubwa jioni moja. Hakumtazama mtu yeyote, na kila mmoja wetu akajua anamsema nani.

Mama aliolewa kutoka Uyoma, ng'ambo ya ghuba, na kwa desturi yetu aliitwa Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma. Lilikuwa jina la heshima, lakini mwaka ule walilitamka kama jina la ugonjwa. Tena alijua kupiga kasia, jambo ambalo wanawake wa kwetu hawakulifanya. Dani, nyanya yetu, akaanza kujipikia mwenyewe. Wake za Baba Mkubwa wakawa wananyamaza mama akipita. Hatimaye Baba Mkubwa akaita kikao, akasema watoto wa mbuzi wakiendelea kufa, Nyar Uyoma atarudi kwao. Sisi watoto tungebaki, kwa kuwa watoto ni wa boma.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimtetea moyoni. Wapi! Ukiishi na watu wanaoshuku, shuku inakuingia kama moshi kwenye nguo. Nikaanza kumchunguza. Siku moja sokoni nikamsikia akiongea Kiswahili na Mkuria mmoja aliyeleta mifugo kutoka upande wa mpakani.

"Nitaleta kesho asubuhi mapema," alisema yule mtu. "Lakini mama, huko nyumbani wanajua?"

"Wewe leta tu. Dagaa wako wa omena wako tayari. Na usiambie mtu."

Kesho yake asubuhi nilimfuata mpaka ziwani, nikajificha kwenye matete. Mama alikuwa tayari majini, akipiga kasia kuelekea kisiwani, na mbele yake kulikuwa na gunia kubwa. Nikiwa natazama, gunia likapiga teke. Nilikimbia nyumbani nikajifunika blanketi mpaka kichwani. Aliporudi kuniamsha alinuka harufu kali, mbaya, na mimi nikamaliza hesabu yangu: mama ni jajuok, mchawi. Nililia sana. Nilimwogopa, na papo hapo niliogopa kwamba watamwondoa kwangu.

Siku chache baadaye Baba Mkubwa alivuka kwenda kisiwani, akarudi akifoka. Kule alikuta beberu mgeni, mwekundu, na Bwana Disii wetu amefukuzwa mpaka kwenye mawe ya ufukweni, amekaa peke yake kama aliyestaafishwa.

"Nyar Uyoma! Nani ameweka kile kitu pale?"

"Ni mimi, shemeji."

"Unaleta uchawi kwa mali yangu?"

Mama alikuwa akipepeta mtama. Akaweka ungo chini. "Shemeji, kwa nini mlinitafuta mpaka Uyoma? Wasichana hawakuwa hapa Karungu?"

"Swali gani hilo? Wa hapa ni dada zetu."

"Na wale mbuzi, nani si dada ya mwenzake? Disii amezaa mabinti, akawaoa. Akazaa nao, akaoa na hao pia. Kwa baba yangu tulibadilishana beberu na jirani kabla mabinti zake hawajakomaa."

Watu wale, kijana akitaja msichana tu, walifukua ukoo wake mpaka kwa babu wa babu wasije wakaoana ndugu. Mbuzi hakuna aliyewafikiria. Dani ndiye aliyeanza kucheka, akashika ubavu. "Aibu gani hii, jamani!"

Baba Mkubwa hakucheka. "Tutangoja wazae," alisema. "Wakizaa vibaya, njia ya kwenu unaijua."

Miezi ile mama alinifundisha kusonga ugali, kuwasha moto kwa kuni mbichi, na kumbembeleza mdogo wangu mpaka alale. Nilijivuna, nikadhani ameona nimekua.

Mbuzi wakazaa. Watoto walisimama kabla mama zao hawajamaliza kuwalamba. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Dani, na siku hiyo akala kwetu. Baba Mkubwa hakuomba radhi. Mwaka uliofuata nilimsikia akimfundisha jirani, kifua mbele, kwamba beberu lazima atoke mbali. Mama alipita na mtungi kichwani.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kama alikuwa na hakika. "Hakika gani?" akasema. "Nilibahatisha. Ndiyo maana nilikufundisha kupika."

Lakini kumwelewa kabisa, nilimwelewa nilipoolewa Migori, kwa watu nisiowajua. Sikuwa nimekaa hata mwezi, ndama wa baba mkwe akakutwa amekufa. Hakuna aliyenitaja. Nilikuwa jikoni nakoroga uji, nikasikia mazungumzo ya uani yamekatika, na nilipoinua kichwa wote walikuwa wakinitazama. Mama alitazamwa hivyo miaka mingi, na bado aliingia kwenye mtumbwi kwenda kuokoa mbuzi wao.