Mheshimiwa Alipohubiri Kanisani Kwetu

Kanisani kwetu Overport, hapa Durban, mkalimani hasimami kama nguzo. Mhubiri akipiga ngumi hewani, nawe unapiga, akinong'ona, unanong'ona. Kazi hiyo, Kiingereza kwenda Kiswahili, nimeifanya miaka mingi, kwa hiyo mheshimiwa mmoja wa serikali ya mji alipokuja kutuhubiria amani, mimi ndiye niliyepewa maikrofoni.

Wiki ile Pinetown kulikuwa kumechafuka. Waandamanaji walipita duka kwa duka wakiwaambia wageni kama sisi wafunge, warudi kwao. Dada yangu akafunga saluni yake ya huko, akakaa nyumbani na watoto wanaokula kwa kitana chake. Jumapili hiyo alikuwa benchi la mbele.

Mheshimiwa anaijua kazi yake, jamani! Alianza polepole, na habari za bibi yake aliyempikia kila mpita njia. Halafu akapanda. "Mji huu ni nyumba moja!" Akanyamaza. Akarudia. Akanyamaza tena. Mara ya tatu kanisa lote likamalizia lenyewe. Mwisho akashusha sauti, mkono kifuani: "Kesho fungueni milango yenu. Nitakuwa mlangoni pamoja nanyi." Na mimi, mkono kifuani, nikayasema kwa Kiswahili mpaka mwili ukanisisimka. Akina mama walilia. Dada alilia.

Jumatatu akafungua. Nilikwenda kumsaidia. Tulifagia, tukapanga mafuta na nywele za kusukia, tukasubiri. Mheshimiwa hakuonekana, wala mtu wake, wala hata polisi mmoja. Waliokuja ni wale wale waandamanaji. Walivunja vioo, wakang'oa sinki za kuoshea nywele, wakaondoka na draya za kukaushia nywele. Tulitokea mlango wa nyuma, dada ana kiatu kimoja mguuni. Nilipopiga simu ofisini kwa mheshimiwa nikaambiwa yuko kikaoni. Nikapiga kesho yake, bado yuko kikaoni. Kikao gani hicho kisichoisha? Upuuzi mtupu!

Wiki mbili baadaye akarudi, eti kutuombea. Pasta akanipa tena maikrofoni. Alipofika penye "nyumba moja" sikutafsiri. Nilimuuliza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Jumatatu ile ulikuwa wapi? Dada yangu alifungua kwa neno lako. Leo hana saluni."

Pasta akanitolea macho. Mheshimiwa hakutikisika hata kidogo. Alishuka madhabahuni, akamshika dada mkono, akamsimamisha. "Mtazameni mama huyu," akasema. "Aliogopa, lakini alifungua. Huyu ndiye Durban!" Halafu akanyamaza, maana anajua kupima muda. Makofi yakalipuka, vigelegele, watu wote wamesimama. Swali langu likazikwa pale pale, mchana kweupe. Hakuna aliyetaja kioo wala sinki.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nikifoka njia nzima: mwongo, hana haya, ametufanya wajinga mara mbili! Kwenye taa za barabarani, tukisubiri kuvuka, dada akanigeukia.

"Lakini mdogo wangu," akasema, "ule mtu anajua kuongea, hein? Umeona vile amenishika mkono?"

Alikuwa anatabasamu. Saluni hana, kesho hajui atawalisha watoto nini, na anatabasamu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mheshimiwa dakika ile.