Sahani ya Marehemu Vito

Nianze na aibu yenyewe, ili wa kucheka acheke mapema tumalize: mimi Zaina, mzaliwa wa Buyenzi, mama mzima wa watoto watatu, mwenye cheti cha kutunza wazee chenye muhuri, nimekula chakula cha marehemu. Sikuonja, jamani, nilikula, kwa kijiko, nikakwangua sahani, na mwisho nikapitisha kidole pembeni. Na hilo la kula ndilo nafuu, kwa sababu lile lingine mpaka leo sijui nilielezeje, na nikilikumbuka nikiwa peke yangu nyumbani huwa nawasha taa hata mchana.

Kazi yangu hapa Brussels ni kwenda majumbani kwa wazee, nawaosha, nawavalisha, nahakikisha wamemeza dawa. Mmoja wao ni Mamie Assunta wa Laeken, bibi wa Kiitaliano wa miaka themanini na sita, anayetembea na kile kigari chao cha kujishikilia, ambacho gurudumu moja linalia kwii kwii hata jirani wa juu anajua Mamie anaenda chooni. Alikuja hapa akiwa bi harusi, akimfuata mumewe Vito aliyekuwa anachimba makaa ya mawe, wakitokea mji mdogo kule kusini mwa Italia, uko juu kabisa ya kilima, njia zake zote ni ngazi za mawe na mikate yao, anavyosimulia, ni mikubwa kama mto wa kulalia. Vito alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Binti yao Lidia ana ofisi ndogo ya safari, anawapeleka Waitaliano waliozaliwa hapa wakaone hiyo miji ya vilima ya babu zao na kula vyakula vya huko, maana wengi wao wanaijua Italia kwa pizza tu.

Bon, nilianza kwa Mamie mwezi wa tatu, kwa hiyo mambo yao ya mwezi wa kumi na moja nilikuwa siyajui. Nilichokijua ni kimoja: kila nikifika asubuhi nakuta sahani jikoni, imefunikwa kitambaa, na ni yangu. Mamie hakuwa na haja ya kunieleza, kwetu Buyenzi sahani iliyofunikwa ni ya mtu ambaye hajafika, na asubuhi ambaye hajafika ni mimi. Kufunika chakula kisha kukuta mtu hajakila ni tusi kwa mpishi, ndivyo mama yangu alivyonilea.

Asubuhi ya aibu yangu ilikuwa tarehe mbili ya mwezi huo, na kulikuwa na grève, mgomo wa usafiri, hakuna tramu, hakuna basi, donc nilitembea saa nzima kwenye baridi na giza bila hata chai tumboni. Saa moja nikafungua mlango kwa ufunguo wangu, nikaingia, nikafunga, nikatia na mnyororo kwa ndani kama Mamie anavyotaka. Ule mnyororo muukumbuke.

Jikoni hakukuwa na sahani. Nikanyong'onyea. Halafu nikaona mwanga unachezacheza sebuleni, nikaenda, nikakuta mshumaa mmoja unawaka mbele ya picha ya Vito, na meza imetandikwa kitambaa cheupe, kuna mkate, jagi la maji, taulo limekunjwa vizuri, glasi ya divai nyekundu imejaa mpaka juu, na sahani, imefunikwa. Kiti kimevutwa nyuma kidogo, kama mtu anavyomvutia mgeni. Mimi nikasema moyoni, Zaina, leo ni sikukuu yao, umeheshimiwa, umeandaliwa sebuleni! (Kujiona kwangu huko ndiko kulikoniponza.)

Nikakaa. Kiti kilikuwa na joto. Nikadhani ni shofaji, kile chuma cha kupashia nyumba joto, ingawa shofaji iko ukuta wa pili na asubuhi hiyo nyumba ilikuwa na baridi hata pumzi yangu naiona. Nikaisogeza ile divai kwa vidole viwili, mimi hiyo siigusi, nikafunua sahani. Ilikuwa ngano ya kuchemsha, imechanganywa na komamanga, zile noix, kokwa za kupasua, vipande vya chokoleti, na asali nyeusi ya zabibu juu yake. Wallahi sijawahi kula kitu kama hicho. Mwenye njaa hana miiko, nilikula nimeinama, na wakati nakula nilihisi mtu amesimama nyuma yangu ananitazama, yaani ile ya shingo kusisimka. Nikageuka mara mbili. Hakuna mtu, ila Vito pale kwenye picha, na macho ya picha mnayajua yalivyo. Nikamaliza haraka, nikafunika sahani tupu kwa kitambaa, kwa sababu mimi ni mtu nadhifu, nikaenda kumwamsha Mamie.

Nikamwosha, nikamvalisha, nikamchana, saa mbili nzima hatukutoka chumbani. Mara moja nilisikia kiti kikikwaruza sakafu sebuleni. Mamie naye alisikia, akatulia, akatabasamu. Nami nikazidisha kumchana.

Saa nne Lidia akagonga, nikaenda kutoa ule mnyororo. Akaingia na wasafiri kumi na watano, watu wazima wa makoti mazuri, wanaoondoka naye wiki hiyo kwenda huko kilimani, amewaleta waione kwanza mila yenyewe kwa mama yake. Nikawapokea mlangoni kwa tabasamu kubwa, nikawapangia makoti, mwenyeji kweli kweli. Mamie alikuwa ameketi kwenye kochi lake, wao wakaizunguka meza, Lidia akaanza kueleza, nami nimesimama pembeni na sinia la kahawa.

"Usiku wa kuamkia leo," akasema, "kule kwetu kila nyumba inaandaa meza kwa ajili ya marehemu wake. Wanarudi, wanapumzika, wanasikia harufu ya chakula. Asubuhi unakuta sahani kama ulivyoiacha."

Nikalishika sinia kwa mikono miwili.

"Ila bibi yangu alikuwa anasema," Lidia akaendelea huku anacheka, "siku ukikuta sahani tupu, basi marehemu hakuja kutembea tu. Amekuja kuchukua mtu."

Akafunua.

Jamani. Nimewahi kusikia watu wakisema ardhi ipasuke inimeze, nikadhani ni maneno tu. Sahani ilikuwa inang'aa, nilivyoikwangua. Bibi mmoja akapiga ishara ya msalaba, kijana aliyekuja naye akatoa simu akaanza kurekodi, Lidia akageuka mweupe kama kile kitambaa. Ni Mamie peke yake aliyefurahi. Uso wake ulikuwa wa msichana.

"Vito amekuja," akasema. "Miaka kumi na mmoja nilidhani amenikasirikia kwa kumzika huku, mbali na kwao. Lidia, nipe viatu vyangu vizuri."

"Mama, viatu vya nini?"

"Vya kuondokea."

Nikaweka sinia chini nikakimbilia chooni, nikajifungia, nikampigia Maman Furaha, mwenzangu wa kazi, mtu wa Bukavu, ambaye kila jambo ana jibu lake.

"Furaha, nimekula chakula cha marehemu wao."

"Weye! Ulikula chakula ya muntu mwenye alikufa?"

"Sikujua! Kilikuwa kimefunikwa!"

"Mungu wangu. Bon, sikia muzuri, Zaina, funga kinywa. Ukisema, wanakufukuza kazi. Alafu usipite kwangu leo, sawa? Huyo papa mwenye alikufa anaweza kukufuata, na miye niko na batoto ku nyumba." Akakata.

Niliporudi, ilikuwa imekaribia saa tano, saa ya vidonge vya moyo. Daktari wake alishaniambia mara nyingi, hivyo havirukwi hata siku moja, moyo wa Mamie ni hivyo vidonge. Nikavileta na maji. Mamie ameshavaa koti, amebandika na bruchi yake ya urembo kifuani, pete ya ndoa ameivua anamvalisha Lidia, na Lidia analia kama mtoto. Mamie akausukuma mkono wangu taratibu.

"Hapana, binti yangu. Ninakokwenda havitumiki. Na chakula cha mchana usinipikie, Vito ananingoja."

"Mamie, kimoja tu."

"Hata nusu."

Akafumba macho, akakunja mikono, akaanza kungoja. Nami nilimjua vya kutosha, Mamie akisema hatakula, hatakula, mwezi wa sita alinuna siku mbili kwa sababu ya jibini. Nikaitazama saa ya ukutani, nikawaza, huyu bibi atakufa kwa ajili ya tumbo langu. Ni hapo niliposahau ushauri wa Bukavu.

"Mamie, ni mimi niliyekula."

Hakuna aliyenisikia, nikarudia kwa sauti, na sauti yenyewe ikatoka kubwa kuliko nilivyopanga: "Ni mimi! Chakula nimekula mimi! Nilikuwa na njaa!"

Mamie akafumbua jicho moja. "Unasema hivyo kwa sababu unanipenda. Wewe ni mtu mwema, Zaina."

"Mimi si mtu mwema, Mamie, mimi ni mlafi!"

"Hapana, hapana," akasema, akafumba tena.

Basi ndipo nilipofanya jambo ambalo kule Buyenzi wasilisikie. Nilipiga magoti mbele ya kochi, nikafungua kinywa mpaka taya likalia, nikamwonyesha meno. Maana nilikuwa na punje ya ngano imekwama huku nyuma tangu asubuhi, na ganda la komamanga mbele, jekundu, na ndivyo nilivyowapokea watu wote wale mlangoni kwa lile tabasamu langu kubwa bila mtu kuniambia. Lidia akainama akachungulia. Yule bibi wa msalaba naye akachungulia. Kijana akawasha taa ya simu akanimulika mpaka kooni, na wengine nyuma yake wakajipanga, nami nimeachama kama kiboko, machozi yananitoka.

"Ni ngano," Lidia akasema. "Mama, ni ngano kweli."

Cheko lililofuata sitalisahau. Walicheka mpaka wakashikana mabega, Lidia akicheka huku analia, nikanyanyuka nikifuta magoti, nikasema afadhali, yamekwisha. Mamie hakucheka. Alikuwa anatazama meza, nyuma ya migongo yao.

"Na divai?" akauliza.

Tukageuka wote. Glasi ilikuwa pale pale nilipoisogeza. Tupu. Chini kabisa kuna tone moja jekundu, bado bichi.

"Zaina," Lidia akaniambia polepole, "na divai umekunywa?"

"Mimi ni Mwislamu. Sijawahi, wallahi. Nilipoiacha ilikuwa imejaa."

Hakuna aliyecheka tena. Nilianza kuhesabu kichwani: mlango ulikuwa na mnyororo kwa ndani, Mamie alikuwa mikononi mwangu saa mbili nzima, kigari chake kingelia, na hao wageni wote nilikuwa nawaona, hakuna aliyegusa meza kabla ya Lidia kufunua sahani, na nilipokuwa chooni Lidia mwenyewe alikuwa nao. Kijana akashusha simu yake bila kuambiwa.

Halafu Mamie akaanza kucheka, taratibu, mabega yanatikisika.

"Basi huyo ndiye Vito wangu," akasema. "Miaka hamsini ya ndoa, anapita mlangoni, anakunywa glasi moja amesimama, anatoka zake, na mimi naachwa na chakula kinapoa. Hakuja kunichukua. Angetaka kunichukua angekaa kitini akala. Alipita tu kusalimia." Akanyoosha kiganja. "Lete vidonge. Na unipikie, njaa inaniuma."

Akavimeza vyote. Maji mengine nikammwagia kwenye bruchi.

Lidia hakunifukuza, anawasimulia wateja wake kisa hiki, na wengine wakija wananiomba nifungue kinywa, eti wapige picha. Furaha alikaa wiki tatu bila kunikaribisha kwake. Mimi nimekoma, sahani iliyofunikwa siigusi mpaka niulize ni ya nani, hata kwangu, hata niliyoifunika mwenyewe, na wanangu wanadhani nimezeeka ghafla. Mamie siku hizi anaandika jina langu kwenye karatasi, anaibandika juu ya sahani ya jikoni, ZAINA, kwa herufi kubwa.

Yuko mzima, alhamdulillah, na mwezi wa kumi na moja unakaribia tena. Kila akisimulia anarudia yale yale, kwamba Vito angetaka kumchukua angekaa chini, nami naitika, ndiyo Mamie, ndiyo. Sijawahi kumwambia habari ya kiti. Sijamwambia kwamba kilikuwa kimeshavutwa, na kwamba nilipokikalia kilikuwa na joto. Mwaka huu ameniomba nimsaidie kuandaa meza, nimekubali. Ngano nitapika mimi, taulo nitakunja mimi, divai atamimina mwenyewe mpaka juu. Kiti nitakipeleka jikoni, na mlango wa jikoni nitaufunga kwa ufunguo.