Nilivyoenda kula steki mjini, mtani wangu nusura arudishe sahani jikoni

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo nimeshaitikia marahaba hata kabla hamjasalimia, tuokoe muda.

Haya yamenitokea mwenyewe Jumamosi iliyopita. Chumvi mtaikuta kwenye nyama, kwenye maneno yangu hamna. Mkiona herufi zimekosewa mnisamehe, shule niliishia darasa la nne, kuandika kwenye simu nimefundishwa na wajukuu.

Mimi nina bucha Kariakoo. Nakata nyama tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Binti yangu wa mwisho, Mwajuma, amekulia pale pale, akitoka shule anakaa kwenye ndoo anafanya homework huku mimi napasua mifupa.

Mwajuma akaenda kusomea mambo ya hoteli. Miezi mitatu nyuma akapata kazi kwenye restaurant ya steki kule mjini, hizi zenye matawi matawi, jina naliweka mfukoni. Kazi yake kuchoma nyama.

Nilinuna wakuu. Kichwani mwangu kuchoma nyama ni kazi ya mwanaume aliyevua shati. Watu buchani wakiniuliza Mwajuma yuko wapi, nawajibu yuko bandarini, ofisini, anabonyeza kompyuta. Nyumbani tukawa watu wa shikamoo, marahaba, basi.

Ijumaa mama yake akaniweka kikao.

"Baba Mwajuma, mtoto yuko probation, bado yuko kwenye majaribio, zimebaki siku mbili. Wateja wameshamrudishia sahani jikoni mara mbili, wanasema mbichi. Meneja kamwambia ikirudi ya tatu, anahamia kumenya viazi. Na wewe hujaenda hata siku moja kumuona."

Nikajibu nitaona.

Kesho yake mchana nikafunga bucha mapema, nikampitia Mfaume, sahibu yangu anauza spea mtaa wa Gerezani. Mfaume ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, ana ruhusa ya kunitukana hata msibani. Nikamwambia twende nikakulishe msosi wa kisasa. Habari ya Mwajuma sikumgusia. Uongo ukishafikisha miezi mitatu unakuwa mzito kuutua.

Tukakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu. Hapo Mfaume akasimama kumsikiliza jamaa anauza dawa ya kunguni, tukapoteza nusu saa, na akainunua, na kwake kunguni hana. Haya, tuendelee.

Ndani kuna baridi la AC, viti laini mpaka unaogopa kulala. Dada mhudumu ana adabu zake, katuamkia vizuri, katupa menyu kubwa kama mlango wa choo. Ina picha, nashukuru, tukaonyesha kwa kidole.

"Mngependa iive kiasi gani, wazee wangu?"

Mimi fundi nikajibu kwa niaba ya wote wawili: wastani. Ile ni sarara, nyama ya mgongoni, ukiikausha inakuwa kandambili.

Dada alipoondoka tu, nikanyanyuka.

Sasa nyie si mnazijua sehemu zetu za kuchoma? Nyama inaning'inia, unasema nikatie hapo, siyo hapo, inapimwa unaona, ikienda motoni unaisindikiza isije ikabadilishwa. Mimi nikajua ndiyo utaratibu wa dunia nzima. Nikanyoosha hadi mlango wa jikoni.

Dada kanikimbilia. "Babu, msalani ni upande ule."

"Siendi msalani mwanangu, naenda kuchagua nyama."

"Hapa mteja hachagui, babu. Wanapika, tunakuletea."

"Sasa nitajuaje kama ni yangu?"

Akanishika mkono anirudishe mezani. Ila mlango ulikuwa wazi kidogo, nikamuona Mwajuma. Kofia nyeupe, jasho mpaka kidevuni, vipande kama kumi juu ya chuma cha moto, anavigusa kimoja kimoja kwa kidole kama anawapima watoto homa. Akainua macho, akaniona. Nikarudi kukaa.

Sahani zikaja. Kibao cha mbao, juu yake chuma cha moto, nyama inalia chwaaa. Mfaume meno yote nje. Akachukua kisu, akapasua katikati.

Maji mekundu yakatiririka mpaka kwenye chipsi.

"Astaghfirullah! Mnyamwezi wewe, umenitoa Gerezani kuja kunilisha damu?"

Ukumbi mzima umegeuka. Mfaume sauti yake ni ya kuita wateja barabarani, haijui kunong'ona.

"Dada! Njoo uchukue sahani yako, mrudishie huyo mpishi amalizie kazi!"

Wakuu, hiyo ingekuwa sahani ya tatu. Nikaishika ile sahani upande wangu, yeye anavuta upande wake. Wazee wazima tunagombea kibao.

"Mfaume, tulia. Siyo damu hiyo."

"Macho ninayo!"

"Mimi nakata nyama kila siku unaniona. Ng'ombe akichinjwa, damu inamwagika yote palepale machinjioni. Hayo ni maji ya nyama. Hata kwenye beseni langu unayaona, na kila Jumapili unachukua kilo yako unakula."

"Ya kwangu mke wangu anaichemsha! Dada!"

Dada anakuja. Nyuma yake mama mmoja mnene wa suti, nikajua huyu ndiye meneja. Hapo nikaona hakuna pa kupitia.

"Mfaume, aliyeichoma ni Mwajuma."

"Mwajuma yupi?"

"Mwajuma wangu."

"Si yuko bandarini?"

"Nilikudanganya. Nimewadanganya wote. Anachoma nyama hapa, na sahani hii ikirudi jikoni anatolewa motoni, anahamia kumenya viazi."

Mfaume akaachia kibao. Nikasubiri tusi, maana ana haki nalo.

"Mjinga wewe. Mtoto nimembebea ubani siku anatolewa nje, mchanga wa siku arobaini, leo unanificha kazi yake?"

Akavuta kiti, akasema bismillahi kwa sauti ukumbi wote usikie, akatia kipande mdomoni. Akatafuna. Akafumba jicho moja.

"Mbona tamu?"

Meneja kafika. "Wazee wangu, kuna tatizo?"

"Lipo," Mfaume kajibu mdomo umejaa. "Nyama yenu ndogo. Mngeongeza."

Yule mama akacheka, lakini alikuwa amesikia yote. Akaniomba nimweleze tena dada ile habari ya damu na maji ya nyama, ili mteja mwingine akishtuka aelezwe mezani kabla hajarudisha. Nikaeleza. Meza ya jirani nao wakageuza viti kusikiliza, nikajiona mwalimu, mimi wa darasa la nne.

Sasa msosi wenyewe niwape bila upendeleo. Nyama laini, imekatwa kukatisha nyuzi kama inavyotakiwa, hapo nimeridhika. Chipsi safi. Mchuzi wa uyoga ni uji, samahani kwa anayeupenda. Kachumbari hawana, ndimu niliomba mara mbili, na pilipili yao tamu kama jamu. Eti kuna ua la kabichi pembeni la kupendezesha macho, Mfaume kalila.

Usiku Mwajuma karudi, shikamoo, marahaba. Nikashindwa pa kuanzia, nikamwambia ile nyama ungeiacha dakika mbili zaidi.

"Baba, nilikuona mlangoni nikaogopa. Nikaitoa kabla ya wakati wake."

Basi tukacheka wote, mpaka mama yake akatoka chumbani kuuliza kulikoni. Hatukuwa tumecheka pamoja tangu aanze kazi.

Probation amepita, mkataba amesaini Jumatatu. Na mimi sikupata hata nafasi ya kutubu vizuri buchani, maana Mfaume kashawatangazia Gerezani nzima. Nilijiandaa kuchekwa. Wateja wanachoniuliza ni kimoja tu: anachoma siku zipi?

Nilichojifunza: mtoto akipata kazi halali, itaje kama ilivyo. Na kabla hujainunia, nenda ukale kwake, ulipe, ukae kwenye kiti kama mteja. Miezi mitatu nimeona aibu ya kitu ambacho sijawahi hata kukionja.

Haya uwanja wenu. Nani hapa ana kazi ambayo mzee wake anaisema nyingine mtaani? Na nyie mnaopenda nyama iliyokauka kabisa, jiteteeni, mimi nipo nasoma, miwani nimevaa.