Upande wa Pili wa Kitabu

Mwezi uliopita binti yangu alikuwa zamu hospitalini, akanituma mimi kikao cha wazazi shuleni kwa mjukuu wangu, hapa hapa Kigera. Nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikaenda. Mlangoni palikuwa na meza, na nyuma ya meza mwalimu kijana na daftari lake la mahudhurio, limemtazama yeye. Akaona mvi zangu, akanisogezea wino.

"Shikamoo bibi. Weka dole gumba tu hapa, mimi nitakuandikia."

"Marahaba. Dole gumba la nini? Mjukuu wangu ni wa saba kutoka juu. Na huyo wa nane mzazi wake amesaini mara mbili."

Kijana akaangalia daftari, akaniangalia mimi, akataka kuligeuza. Nikamwambia aliache hivyo hivyo, akiligeuza atanichelewesha. Nikasaini kutoka upande wangu, saini ikakaa kichwa chini miguu juu. Akacheka. "Bibi, haya umejifunzia wapi?" Nikamwambia kikao kinaanza. Lakini wewe, kwa kuwa umeketi na una muda, nitakuambia.

Nilijifunzia kwenye shule ya kijiji chetu, kule ziwani upande wa Kisorya. Darasa moja la tofali za udongo, sakafu ya kusiliba kwa mavi ya ng'ombe. Kila Ijumaa wasichana tulikuwaga tunaisiliba upya, na Jumatatu ukikaa unasikia ubaridi wake unapanda mgongoni. Madawati yalikuwa ya wakubwa tu. Vitabu vya kusoma vilikuwa vichache kuliko mbuzi wa mchungaji wa kanisa, ndiyo maana mwalimu alitugawa makundi, watoto saba kitabu kimoja. Alikuwa na msemo wake: "Kundi likijua, wote wamejua." Alikuwa mtu mwema, sisemi vibaya. Alituamini tu kuliko tulivyostahili.

Kiongozi wa kundi letu alikuwa binti wa karani wa pamba. Alikuwa na viatu. Kitabu kilikaa magotini pake, na nani akae wapi alipangaga yeye, mwalimu hakuwa na habari. Kulia kwake na kushoto kwake walikaa waliompelekea michembe ya viazi na karanga. Nyuma yao walikaa wa kuchungulia juu ya mabega. Mmoja wa hao alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, tuliyelala naye mkeka mmoja kwa bibi. Mimi nilifikaga wa mwisho kila siku, maana kabla ya shule lazima niende na bibi kwenye mawe ya ziwani kuanika furu. Wewe hukuwaona furu wale. Samaki wadogo, watamu kuliko sato, unawatandaza juu ya jiwe asubuhi na jioni wamekauka wanalia kama majani makavu. Bibi alisema, "Mkono usionuka samaki ni mkono wa kuomba." Basi mimi nilifika mkono wangu unanuka, na binti wa karani akaziba pua.

"Kaa huko mbele. Unatunukisha kitabu."

Wote pale walikula furu jana yake. Lakini aliyenuka ni mimi. Nikakaa mbele, nikimwelekea, kitabu kikiwa kimeinamishwa kwake, na mimi nikiyaona maandishi kichwa chini.

Mtoto haulizi. Nilikaa pale darasa la pili lote, la tatu lote, na la nne. Ubaoni nilisoma polepole, kama mtu anayetembea kwenye matope, mwalimu akadhani mimi ni mzito wa macho. Kitabuni, kutoka upande wangu, nilikuwa nakimbia. Mwalimu akiita kundi letu, anayesoma kwa sauti ni binti wa karani kwa niaba yetu, na binti wa karani alikwama kila mstari wa tatu. Akikwama ananitazama. Mimi nanong'ona neno, yeye analitamka. Ananitazama tena, nanong'ona tena. Kundi letu lilisifiwa mpaka na makundi mengine. Wakati wa mapumziko wenzangu wa kundi wakanitania, "Wee bundi, unasomaje na kichwa kimegeuka?" Nilicheka nao. Nilijiona nina kipaji. Nilijua kwamba siku moja nitavuka darasa la nne na kwenda shule kubwa ya mbali, ile walikolala bweni, na bibi alishaanza kunishonea begi kwa gunia la pamba.

Siku hizo kutoka la nne kwenda la tano ulikuwa mlango mwembamba. Kabla ya mtihani akaja mkaguzi, mwanamume mnene wa suruali fupi na soksi ndefu. Akasema hataki kusikia makundi, anataka mtoto mmoja mmoja asimame asome. Sikuogopa hata kidogo. Ilipofika zamu yangu nikasimama kifua mbele, mwalimu akanipa kitabu mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kukishika.

Nikakifungua. Maneno yalikuwa yale yale, lakini yamenigeukia kama watu wasionijua. Nikatafuta mahali pa kuanzia, nikakosa. Basi nikafanya lile ambalo mtu yeyote angefanya, nikakigeuza kitabu.

Darasa zima likaangua kicheko.

"Shika vizuri," mwalimu akasema, akakirudisha. Nikakigeuza tena, nikafungua mdomo nianze kusoma, kabla sijatoa neno la kwanza kiboko kikanishukia mkononi na kitabu kikaanguka. Alidhani namchezea mbele ya mgeni. Mkaguzi akasema, "Mwalimu, huyu hajui hata kitabu kinavyoshikwa, na wewe umemfikisha darasa la nne?"

Mwalimu wangu akakiokota kitabu. Akageukia kundi langu. Ninakumbuka swali lake neno kwa neno, maana hilo ndilo lilikuwa swali la maisha yangu.

"Nyie mnaokaa naye. Huyu anajua kusoma au hajui?"

Walikuwa sita. Wote walijua. Binti wa karani akasimama, akarekebisha sketi yake. "Hajui, mwalimu. Yeye anaitikiaga tu."

Nikawatazama wale waliobaki. Mmoja alikuwa anakwangua sakafu kwa ukucha. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anahesabu vidole vya miguu yake kana kwamba vimeongezeka. Mimi ningeweza kusema. Nimejiuliza miaka yote kwa nini sikusema. Nadhani nilikuwa nasubiri wao, kwa sababu neno langu juu yangu mwenyewe lilikuwa la mtu mmoja anayenuka samaki, na lao lilikuwa la kundi.

Nikarudishwa darasa la pili. Nilikaa huko siku mbili, magoti yakigusa kidevu katikati ya watoto wasio na meno ya mbele, na walinipa kiti cha kifalme, kitabu mbele yangu kimenielekea mimi, nisome vizuri. Siku ya tatu sikwenda. Bibi alinibembeleza, akanifokea, akasema, "Mwenye kiburi hula kiburi chake mwenyewe, hashibi." Alisema kweli. Lakini nilikataa, na hakuja mtu kuniita. Kundi langu lilikuwaga linapita njia ya ziwani kila asubuhi, mimi nikiwa juu ya mawe na furu wangu, na walikuwa wamejifunza kutazama maji upande wa pili.

Niliolewa, nikazaa, nikauza dagaa soko la Mwigobero mpaka miguu ikakataa. Siku moja pale sokoni nikamwona binti wa karani, mwanamke mzima, anachagua dagaa. Nikamtajia shule, mwalimu, kitabu. Alifurahi kweli. "Enhe, shule ile! Mimi ndiye nilikuwaga nasomea kundi letu!" Hakuwa anadanganya. Alikuwa amesahau kabisa. Nikampimia dagaa wake, nikamwongezea na kidogo, sijui kwa nini.

Mdogo wangu yeye hakusahau. Alimaliza la saba, akaolewa Bunda, tukatembeleana kwenye misiba na harusi miaka yote na hatukuligusa neno hilo. Mwaka juzi akaugua, nikaenda kumuuguza. Siku moja mchana, namlisha uji wa ulezi, nikamuuliza.

"Mdogo wangu, kwa nini siku ile hukusema?"

Hakuuliza siku gani. Alimeza uji, akafumba macho, nikadhani amelala.

"Dada, ningesema, wangenihamishia upande wako."

Basi. Nikamfuta mdomo. Tangu nikiwa mtoto nilikuwa nimejiandalia hasira ya siku hiyo, nikaitafuta, nikaikosa. Alikuwa amesema kweli tupu. Wangemhamisha.

Alikufa kabla ya mvua za vuli. Msibani watoto wake wakaniomba nisimame niseme machache juu ya utoto wa mama yao, maana katika wale tuliosoma naye nimebaki mimi. Wakanipa kipaza sauti. Watu wote wametulia, wananitazama, hakuna wa kunikatiza. Hata mwalimu wangu, aliyekufa akiamini alikuwa na mtoto mmoja mjinga, nilihisi kama yuko hapo anasubiri jibu la swali lake.

Nikasema, "Marehemu alikuwa mtoto mtulivu." Nikakaa.

Shule ile imebomolewa, wamejenga nyingine ya bati jekundu. Furu wale waliliwa na sangara, mawe yapo lakini hayana kitu juu yake. Binti wa karani naye tulishamzika. Walikuwa sita waliojua kwamba mimi nilikuwa nasoma, na kwa miaka yote hiyo, kama mjinga, nilikuwa naamini siku moja mmoja atasimama aseme. Sasa hakuna wa kusimama. Na mimi nilipopewa nafasi, nilifanya walichofanya wao.