Kaburi la Mawe Upande wa El Wak

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Garissa, nilikabidhiwa mnyororo. Vijana wa leo mtadhani ni wa kufungia ng'ombe. Ulikuwa wa kupimia ardhi: mpimaji anachungulia kwenye darubini yake, mimi nauvuta mpaka aseme basi. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo nikikosea nisahihisheni.

Kutoka Garissa nilihamishiwa Habaswein, kisha, katikati ya miaka ya tisini, upande wa El Wak. Huko tulijenga drifti, yaani sakafu ya mawe na saruji ndani ya laga, ule mto wa msimu, ili gari livuke wakati wa mvua. Mawe yalikuwa mbali. Ila kando ya njia kulikuwa na kaburi la watu wa kale: tuta la mawe, limezungukwa na mengine marefu kunipita, yamesimamishwa wima. Nilipolikaribia nilijikuta natembea polepole. Sijui ilikuwa heshima au woga tu.

Injinia wetu, mtu wa bara, mgeni huku kaskazini, akasema, "Si mawe haya hapa? Pakieni."

Mzee Adan, mwenye ngamia wa malisho yale, akaja na fimbo begani.

"Huyu ni babu yenu?" Injinia akamuuliza.

"Wallahi hapana. Babu zangu nahesabu mpaka wa ishirini, huyu hayuko."

"Basi hana mwenyewe."

"Ndiyo maana ni magan yetu."

Magan ni mtu asiye na ukoo anayekaa chini ya ulinzi wenu. Ukimgusa yeye, umegusa ukoo mzima.

"Ukifunja, unalipa dia ya damu," akaendelea. "Mwanamume ngamia mia, mwanamke hamsini."

"Nitajuaje ni yupi?"

"Si wewe ndiye umesoma?"

Tukacheka, hata Injinia. Kisha akasema neno ambalo ni haki niliandike: "Mzee, mawe ya mbali yatanichelewesha. Mvua ikitutangulia, watakaokwama ni watu wako."

"Allah ndiye anajua. Lakini huyu hutamgusa."

Injinia akakubali. Tukaenda kusomba mawe ya mbali, na mvua ikatutangulia. Laga ikafurika. Mke wa mtoto wa Mzee Adan, akiwa na uchungu wa kuzaa, akakwama ng'ambo ndani ya gari mpaka maji yakapungua. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Injinia hakusema "nilikuonya". Alikuja mazikoni, akasimama pembeni, kofia mkononi. Mzee Adan alipoomba mawe mawili, la kichwani na la miguuni, Injinia aliyachagua mwenyewe kwenye rundo letu la drifti, akayabeba hadi pale.

Nimestaafu sasa. Wajukuu huniuliza nani alikuwa na haki. Nawaambia niliwaona wote wawili wameinama juu ya shimo dogo, wanasaidiana kulisimamisha jiwe, na sikupata mdomo wa kuhukumu.